Ekseli iliyokatika gari likiwa tupu: jinsi vyuma vya magari ya mwanzo vilivyopimwa uvumilivu

Mtambo wa Kale (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, leo nimeamua kuuandika.

Nikiwa darasa la tano, pikapu ya baba ilikatika shafti ya ekseli ya nyuma. Tulikuwa tumeshusha matenga ya nyanya Iringa mjini, tunarudi Ilula tupu. Barabara ya lami, kipande kilichonyooka, mwendo wa kawaida kabisa. Nikasikia mlio kama wa mti unaovunjika, kisha gurudumu la kulia likatupita kwenye dirisha na kuingia majanini. Mungu mkubwa, tulitoka wazima.

Fundi aliyekuja alisema neno moja tu: mnapakia kupita kiasi. Baba akamjibu kwa swali ambalo sijawahi kulisahau: "Juzi tulibeba matenga hadi gari likainama, haikukatika. Leo tuko tupu, ndipo ikatike?"

Fundi hakuwa na jibu. Baba akakiokota kile kipande akakiweka kiti cha nyuma, nami njia nzima ya kuvutwa kurudi mjini nilikuwa nakitazama. Uso wa pale kilipokatikia ulikuwa na sehemu mbili. Sehemu kubwa ilikuwa laini na nyeusi, imesuguliwa kama jiwe la kuchotea maji, na ina mistari iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, mfano wa mistari inayoachwa mchangani maji ya bahari yakipwa. Sehemu ndogo iliyobaki ilikuwa na chengachenga zinazong'aa kama sukari.

Nimekuja kujua baadaye kwamba ile sehemu nyeusi ilikuwa imekatika miezi mingi kabla ya siku ile. Tulikuwa tunasafiri juu ya shafti iliyobaki na robo ya unene wake. Siku yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Uzi huu unahusu watu waliolijibu swali la baba zaidi ya miaka mia moja kabla hajaliuliza. Nitaanzia kwenye reli, maana magari yalirithi tatizo hili kutoka huko.

Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa inarudi Paris kutoka Versailles ilianguka eneo la Meudon. Ekseli ya injini ilikatika, mabehewa yakapandiana, moto ukawaka, na abiria walikuwa wamefungiwa milango kwa nje kama ilivyokuwa desturi. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wahandisi walipochunguza ekseli za namna hiyo waliona zinakatika palepale kipenyo kinapobadilika ghafla, penye kona kali. William Rankine, Mskoti aliyekuwa bado kijana mdogo, aliliandikia jambo hilo mwaka 1843 na kushauri kona ziviringwe.

Ila aliyelipima kwa namba ni Mjerumani August Wöhler, mhandisi wa reli ya Prussia. Huyu ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Hakuanza na hesabu za mezani. Alifunga chini ya mabehewa kifaa chenye ncha iliyokuwa inachora kwenye bamba la zinki kiasi ekseli inavyopinda safarini. Akishajua barabara inaitenda nini ekseli, akajenga mashine ya kuitenda hivyohivyo karakanani: ekseli inazungushwa huku imevutwa upande mmoja, hivyo kila mzunguko upande wa juu unanyooshwa na wa chini unabanwa, kisha kinyume chake. Aliendelea na kazi hiyo hadi 1870.

Aliyoyakuta ni mawili. La kwanza, chuma hukatika kwa mkazo (nguvu inayokivuta au kukibana) mdogo sana kuliko ule unaohitajika kukikata kwa mara moja, ilimradi mkazo huo urudiwe vya kutosha. La pili, na hili ndilo lenye faraja, kwa chuma cha pua (feleji, yaani steel) kuna kiwango ambacho ukibaki chini yake kinaweza kurudiwa mamilioni ya mara bila kukatika.

Sasa fanyeni hesabu ya pikapu. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 70 huzunguka karibu mara 455 kwa kilomita. Kilomita 100,000 ni mizunguko kama milioni 45. Katika ekseli ambayo shafti yenyewe inabeba uzito wa gari, kila mzunguko ni kupindwa kwenda na kurudi. Baba alikuwa anahesabu matenga. Chuma kilikuwa kinahesabu mizunguko, na yale matenga ya ziada yalikuwa yanaukuza ufa taratibu. Kwa hiyo fundi hakukosea kabisa, alichoshindwa kueleza ni kwa nini deni lilidaiwa siku tuliyokuwa tupu.

Nitaendelea na magari yenyewe kesho usiku.

---

Springi Tano

Mkuu, nimesoma nimesimama. Mimi ni fundi wa springi na chesisi, miaka 19 kazini. Huo uso wenye mistari nauona kila wiki kwenye majani ya springi, tena jani kuu ndilo hukatika zaidi, penye tundu la boliti ya katikati. Sijawahi kuelezwa kwa nini iwe pale. Shusha vitu.

Binti Reli

Nimeweka kambi. Babu yangu alikuwa anagonga magurudumu ya treni kwa nyundo, anasikiliza mlio. Gurudumu zima linalia kama kengele, lenye ufa linatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Endelea kaka.

---

Mtambo wa Kale

Nimerudi. Springi Tano, swali lako la tundu nitalijibu ndani ya maelezo haya haya.

Magari ya kwanza yalikuwa mikokoteni iliyotiwa injini, na simaanishi kuyadharau. Mafundi waliyoyajenga walikuwa mabingwa wa mikokoteni, wakatumia walichokijua. Chesisi nyingi zilikuwa za mbao ngumu zilizoimarishwa kwa bamba za chuma pembeni. Magurudumu yalikuwa ya mbao, springi ni zilezile za kubebea watu nyuma ya farasi. Mbao ina sifa moja nzuri, inameza mtikisiko. Kampuni ya Franklin ya Syracuse, Marekani, iling'ang'ania chesisi za mbao hadi miaka ya 1920, na wateja wake walizipenda.

Tatizo ni kwamba farasi hamtikisi mtu kwa namna injini inavyomtikisa. Injini ya silinda moja inapiga kama nyundo, klachi inashika ghafla, na mwendo unapoongezeka mara mbili, shimo lilelile linalipiga gurudumu kwa nguvu zaidi ya mara mbili. Mwaka 1901 gari la Mercedes lililosanifiwa na Wilhelm Maybach lilitoka na chesisi ya chuma cha bamba kilichokandamizwa kwenye umbo la mfereji, na ndani ya miaka michache wengine wakafuata. Ni umbo hilohilo mnaloliona leo chini ya lori lolote pale gereji.

Halafu likaja tamaa la wepesi. Mashindano makubwa ya Ulaya yaliweka kikomo cha uzito cha kilo 1,000. Watengenezaji walitaka injini kubwa ndani ya kikomo hicho, kwa hiyo wakapunguza kila mahali pengine. Walitoboa chesisi, wakatoboa mikono ya usukani, hata pedali. Mashindano ya Paris hadi Madrid ya mwaka 1903 yalisimamishwa Bordeaux baada ya siku ya kwanza kwa sababu ya vifo vya madereva na watazamaji. Vifo vile vilikuwa na sababu nyingi, vumbi na umati barabarani zikiwa za kwanza. Lakini yale magari yaliyotobolewa kama chujio yananitisha hata kwenye picha.

Springi Tano, hapa ndipo lilipo tundu lako. Mwaka 1898 Mjerumani Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba ukitoboa tundu dogo la duara kwenye bamba pana linalovutwa, mkazo kwenye ukingo wa tundu unakuwa mara tatu ya ule wa mahali pengine. Haijalishi tundu ni dogo kiasi gani. Mwaka 1913 Mwingereza Charles Inglis akaendeleza: tundu likiwa refu na jembamba, lenye ncha, mkazo kwenye ncha hauna mpaka wa kueleweka. Ufa wenyewe ni tundu la namna hiyo. Ndiyo maana ukishaanza hausimami.

Jani kuu la springi linapindwa kuliko yote, na katikati yake lina tundu. Umeshaona kinachofuata.

---

Springi Tano

Aisee. Kwa hiyo wale wanaotoboa chesisi ya lori juu na chini kufunga bodi wanajitafutia balaa? Sisi kwetu tunatoboa ubavuni tu, nilifundishwa hivyo na marehemu mwalimu wangu wa kazi, sikujua sababu.

Mtambo wa Kale

Mwalimu wako alikuwa anajua, Mungu amrehemu. Chesisi ikipinda, mkazo mkubwa uko kwenye uso wa juu na wa chini. Katikati ya ubavu mkazo ni mdogo sana. Ukitoboa pale juu unazidisha mara tatu kitu ambacho tayari ni kikubwa. Ukitoboa katikati ya ubavu unazidisha kidogo kilicho kidogo. Na tundu la kutoboa kwa keekee ni afadhali mara kumi kuliko la kuchoma kwa gesi, kwa sababu la gesi linaacha ukingo uliokauka na kukwaruzika, tayari lina nyufa ndogondogo.

---

Mwalimu wa Fizikia Bukoba

Mwanzisha uzi, swali la kitaalamu. Mafundi wengi, hata vitabu vya zamani, husema chuma kimekatika kwa sababu "kimegeuka chembechembe", yaani mtikisiko umekibadilisha kutoka chuma cha nyuzi kikawa cha chenga. Ndiyo maana zile chenga zinang'aa. Hili ni kweli?

Mtambo wa Kale

Mwalimu, asante. Imani hiyo ilidumu zaidi ya miaka 60, na waliokuwa nayo hawakuwa wajinga. Walikuwa wanaona kwa macho yao uso wenye chenga.

Waliolimaliza jambo hili ni James Ewing na J. C. W. Humfrey mwaka 1903. Walichukua chuma safi cha Sweden, wakakisugua kikang'aa kama kioo, wakakipinda kwenda na kurudi, na kila baada ya muda wanakisimamisha na kukitazama kwa hadubini. Chuma kilikuwa na chembe tangu mwanzo. Chembe hazikuzaliwa na mtikisiko. Walichokiona ni mistari miembamba ndani ya chembe, mahali ambapo tabaka zimeteleza juu ya tabaka kama karata zinavyoteleza. Mistari ikawa mingi, ikakolea, hadi mmoja ukafunguka ukawa ufa.

Zile chenga za sukari ni sehemu ya mwisho tu, iliyokatika kwa mkupuo siku ya ajali. Watu walikuwa wanatazama sehemu iliyokufa mwisho na kudhani ndiyo iliyoanza kuugua.

Yaani nikisoma habari ya jaribio hilo huwa napata furaha ya ajabu. Watu wawili, kipande cha chuma, hadubini, na uvumilivu.

---

Mtambo wa Kale

Sehemu ya tatu. Kabla maabara hazijaingia viwandani, barabara ndiyo ilikuwa maabara. Nitaeleza majaribio mawili ya Uingereza, kisha moja lililoanzia kwetu.

Mwaka 1907 Rolls-Royce walilipeleka gari lao moja, lile lililopakwa rangi ya fedha likaitwa Silver Ghost, kwenye safari za London na Glasgow kwenda na kurudi, likisimamiwa na waangalizi wa klabu ya kifalme ya magari. Lilipofika maili 629 lilisimama. Sababu? Koki ya petroli ilijifunga yenyewe kwa kutikisika. Ikafunguliwa, gari likaendelea maili 14,371 bila kusimama kwa hitilafu, karibu kilomita 23,000. Baada ya jumla ya maili 15,000 likafumuliwa lote na wasimamizi wakapima kila kifaa. Vipuri vya kulirudisha liwe kama jipya viligharimu paundi 2, shilingi 2 na peni 7.

Watu husifia zile paundi mbili. Mimi naisifia ile koki. Kitu pekee kilicholisimamisha gari kilikuwa ni mtikisiko uliorudiwa maelfu ya mara kwenye kifaa kidogo ambacho hakuna aliyekifikiria. Hakuna hesabu ya mezani ingeikamata.

Mwaka 1908 klabu hiyohiyo ilichukua Cadillac tatu, ikazifumua kwenye uwanja wa Brooklands, ikachanganya vipande vyote, vingine ikavitoa kabisa na kuweka vya dukani, kisha magari yakaunganishwa upya na kuendeshwa maili 500. Yote matatu yalifika. Lile lilikuwa jaribio la usahihi wa vipimo kuliko uvumilivu, lakini yana undugu: ekseli isiyokaa sawasawa kwenye beringi inapata mkazo ambao msanifu hakuuhesabu.

Sasa la kwetu. Tarehe 10 Agosti 1907 Prince Scipione Borghese aliingia Paris na gari lake aina ya Itala akitokea Beijing, mshindi wa mashindano ya kati ya miji hiyo. Njiani gurudumu lake la mbao lilisambaratika, na fundi seremala wa kijijini huko Urusi akalijenga upya kwa shoka. Siku ileile, tarehe 10 Agosti 1907, Luteni Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari lililojengwa Gaggenau, Ujerumani, kwa ajili ya kuvuka Afrika. Lilikuwa limeinuliwa sana kutoka ardhini na lina magurudumu makubwa. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, kwenye Bahari ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Zaidi ya kilomita 9,000, karibu miezi 21. Injini iliharibika akalazimika kungoja vipuri kutoka Ujerumani.

Fikirieni njia yenyewe. Hakukuwa na barabara ya gari. Ni njia za miguu na za misafara, mito bila madaraja, na watu wa vijijini wakilivuta gari kwa kamba na kulikatia miti ya kupita. Majina yao hayakuandikwa. Kila nikipita Morogoro huwa najiuliza ni mikono mingapi iliyoishika ile chesisi.

---

Binti Reli

Tarehe moja! Sikujua hili la Dar es Salaam. Kaka, lakini barabara kama maabara ni ghali na inachukua muda. Lini waliiingiza barabara ndani ya nyumba?

Mtambo wa Kale

Dada, umelisema kwa maneno mazuri kuliko yangu. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Miaka ile vilizaliwa vipimo vingi kwa mpigo. Johan Brinell wa Sweden alionyesha kipimo cha ugumu mwaka 1900: gololi ya milimita 10 inakandamizwa juu ya chuma kwa uzito wa kilo 3,000, kisha unapima kovu. Georges Charpy wa Ufaransa mwaka 1901 akaeleza nyundo inayobembea na kuvunja kipande kilichotiwa mfuo (kijikato kidogo), unasoma nguvu iliyotumika kukivunja. Edwin Izod wa Uingereza akaja na ya kwake inayofanana mwaka 1903. Hivi viliweza kukuambia chuma ni kigumu au ni kikavu cha kuvunjika upesi. Havikukuambia kitaishi muda gani.

Kwa hilo walirudi kwa Wöhler. Kule Teddington, kwenye maabara ya taifa ya Uingereza, Thomas Stanton alijenga mashine ambayo nyundo ndogo inadondoka juu ya kipande chenye mfuo tena na tena, huku kipande kikigeuzwa, hadi kikatike. Hesabu yake ni ya mapigo. Na Derby, penye kiwanda chao, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Rolls-Royce walikuwa na mtambo ambao kwangu ndio kilele cha hadithi hii: chesisi inafungwa isiondoke, magurudumu yake yanakaa juu ya magurudumu mengine yenye manundu, yanazungushwa, na chesisi inarushwarushwa mahali pamoja saa baada ya saa. Barabara mbaya iliyokunjwa ikawa duara. Kinachokatika kinachorwa upya, kinarudishwa, kinarushwa tena.

Ona tofauti. Kwenye barabara unasubiri kifaa kikatike bahati ikupendelee uwe karibu na kijiji. Kwenye mtambo unakikata makusudi, kwa saa zako, na mtu amekaa pembeni na daftari.

Marekani walikuja na njia nyingine: chuma chenyewe. Henry Ford alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba mwaka 1905, kwenye mashindano ya Palm Beach, gari la Kifaransa liligongana, akaokota kipande kidogo cha vali kilichomshangaza kwa wepesi na ugumu. Kupimwa, kikakutwa na vanadi, metali inayochanganywa kidogo kwenye chuma. Anasema chuma walichokuwa nacho kilihimili kuvutwa kwa paundi 60,000 hadi 70,000 kwa inchi ya mraba, na cha vanadi kikafika 170,000. Kwa chuma cha pua cha kawaida, kile kiwango cha Wöhler cha kutokatika kinakaribia nusu ya nguvu ya kuvutwa, kwa hiyo mnaweza kuona faida yake. Chuma hicho kiliyeyushwa Canton, Ohio, na mhandisi wa Kiingereza J. Kent Smith ndiye aliyewaelekeza. Vanadi ilipatikana kwa wingi baada ya mgodi wa Minas Ragra kugunduliwa kwenye milima ya Peru mwaka 1905.

Na msimamizi wa maabara ya Ford akawa John Wandersee, aliyeingia kampuni kama mfagiaji, akapelekwa Canton kujifunza upimaji wa chuma. Mwaka 1908 Model T ikatoka ikiwa na chuma hicho kwenye ekseli, springi na gia.

---

Wakili Mkoani

Nimeufuata uzi kimya. Naomba nichangie upande wangu, maana kuna kesi inayohusu gurudumu.

Bwana MacPherson, mchonga mawe wa jimbo la New York, alinunua Buick kwa wakala. Mwaka 1911 akiwa anaiendesha, spoku za mbao za gurudumu moja zikavunjika, gari likaanguka, akaumia. Gurudumu hilo Buick hawakulitengeneza, walilinunua kwa kampuni nyingine. Na MacPherson hakununua kwa Buick, alinunua kwa wakala. Sheria ya wakati ule ilisema kama huna mkataba na mtu, humdai uzembe wa namna hiyo, isipokuwa bidhaa iwe ya hatari kwa asili yake, kama sumu au baruti.

Mwaka 1916 mahakama ya juu ya rufaa ya New York, hukumu ikiandikwa na Jaji Benjamin Cardozo, ilisema gari lililosanifiwa kwenda maili 50 kwa saa ni hatari kama magurudumu yake si mazima, na aliyeliunganisha na kulitia jina lake ana wajibu wa kukagua. Kulikuwa na ushahidi kwamba ukaguzi wa kawaida ungeugundua ubovu ule, na haukufanyika. Mwaka 1932 huko Uingereza, katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, Lord Atkin aliitaja hukumu hiyo kwa kuikubali. Na kesi hiyo ya 1932 ndiyo tunayoitumia hadi leo Kenya, Uganda na Tanzania tunapozungumzia uzembe.

Mtambo wa Kale

Wakili, nashukuru sana. Hili lilikuwa linanikwaza: kwa nini viwanda viligharamia mitambo ya kuvunjavunja vifaa vyao wenyewe? Sifa ya mashindano ni sehemu tu. Baada ya 1916 huwezi tena kusema "gurudumu ni la fulani". Ukikinunua kifaa, ukakifunga, ukatia jina lako, kukipima ni juu yako.

Na hapa nasema kwa uchungu. Vipuri vinavyouzwa leo mitaani kwetu, nani anavipima? Springi Tano ukinunua jani jipya, unajuaje?

Springi Tano

Tunajuaje? Tunaligonga, tunasikiliza. Tunalibana na jeki hadi linyooke, tunaliachia, tunapima kama limerudi kwenye upinde wake. La bandia linabaki limenyooka. Hilo tu.

Mtambo wa Kale

Mkuu, huko kubana na kuachia ni kipimo halali kabisa, viwanda vya springi vilikifanya tangu zamani na bado vinakifanya. Umekirithi bila kuambiwa jina lake. Hakikuelezi litadumu mizunguko mingapi, lakini chuma kisichotiwa moto sawasawa kinakamatwa hapo.

Nimalizie historia kwa ufupi. Mwaka 1910 wahandisi wa magari Marekani waliunda kamati ya viwango chini ya Henry Souther, ambaye alikuwa ameshapima vyuma vya baiskeli kabla ya magari. Aina za mabomba ya chuma zikapunguzwa kutoka 1,600 hadi 210, na washa za kufungia kutoka mamia hadi 16. Ukiwa na aina chache unaweza kuzipima vizuri. Mwaka 1915 Dodge walikuwa na njia yao ya majaribio karibu na kiwanda Hamtramck, na mwaka 1924 General Motors wakafungua eneo zima la majaribio Milford, Michigan. Kuanzia hapo ni zama nyingine.

---

Binti Reli

Kaka, kabla hujafunga. Babu alinionyesha njia ya kutafuta ufa usioonekana, waliitumia karakana ya reli. Unasafisha chuma hadi king'ae, unakilowesha mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, usiku mzima. Asubuhi unakifuta kikauke kabisa. Unapaka unga wa chaki uliokorogwa na spiriti, unauacha ukauke uwe mweupe. Halafu unakigonga kidogo na kusubiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kuchora mstari kwenye chaki.

Ulisema kulia ndiko kulikokatika. Shafti ya kushoto iko wapi?

Mtambo wa Kale

Dada, baba alizibadilisha zote mbili siku ile. Ya kushoto haikuwa na kasoro yoyote machoni. Ipo stoo Ilula hadi leo, imefungwa gunia. Jumamosi nakwenda.

---

Mtambo wa Kale

Nimerudi kutoka Ilula. Nilifanya kama alivyoelekeza Binti Reli, mzee akiwa amekaa kwenye kiti pembeni, miaka yake 78, anatazama. Chaki ilikauka nyeupe shafti nzima. Nikaigonga mara tatu kwa nyundo ndogo ya mbao.

Baada ya dakika kama kumi, pale kipenyo kinapopungua, kwenye kona, mstari mweusi mwembamba ukatokea. Umezunguka karibu theluthi ya shafti.

Mzee aliinama akautazama muda mrefu, akapitisha kidole bila kuugusa. Akaniuliza, "Kwa hiyo na huku pia?"

Nikamwambia ndiyo, na huku pia.

Picha nitaziweka usiku mtandao ukikaa sawa.